Taa ya injini ikiwaka: kifaa kidogo kinavyoweza kuokoa mtaji wa msafirishaji wa mazao

TAA ndogo ya njano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi, madereva wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Huipuuza hadi gari ligome njiani, au hulipeleka gari kwa fundi na kuanza kubadilisha spea moja baada ya nyingine. Kwa mwenye gari la kwendea kazini, hasara yake ni usumbufu na fedha kidogo. Kwa anayebeba mazao yanayooza, kinachopotea ni mtaji.

Chukua mfano wa mama anayenunua pilipili hoho kwa wakulima wa Lushoto na kuzipeleka sokoni Tanga kwa Toyota Probox. Probox ya mizigo imetengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, ingawa barabara ya kushuka Mombo hushuhudia zaidi ya hapo. Siku moja gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, nguvu zinapungua na taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza anafungua boneti, anasikiliza mlio na kusema: "Mama, hiyo ni sensa ya oksijeni. Imekufa." Sensa inanunuliwa na kufungwa. Taa inazimika siku mbili, kisha inarudi. Ilizimika si kwa sababu gari lilipona, bali kwa sababu fundi alichomoa waya wa betri wakati wa kazi na kumbukumbu ya kompyuta ya gari ikafutika.

Fundi wa pili anasema ni plagi. Zinanunuliwa nne. Gari linaendelea kutetemeka. Fundi wa tatu, baada ya kuhangaika nusu siku, anagundua kuwa koili moja kati ya nne imekufa.

Hesabu yake, kwa tarakimu za mfano, ni hii. Sensa Sh120,000. Plagi nne Sh80,000. Ufundi mara tatu kwa Sh20,000 kila mara ni Sh60,000. Koili yenyewe, ambayo ndiyo pekee iliyohitajika, Sh60,000. Kama faida ya kilo moja ya hoho baada ya petroli na ushuru ni Sh300, safari moja ya kilo 400 huingiza Sh120,000, na safari mbili zilizokosekana gari likiwa gereji ni Sh240,000. Jumla ni Sh560,000. Laiti ugonjwa ungejulikana siku ya kwanza, gharama ingekuwa koili na ufundi wa mara moja, yaani Sh80,000. Tofauti ni Sh480,000, sawa na faida ya safari nne.

Kifaa ambacho kingeonyesha silinda iliyokuwa na tatizo ni kidogo kuliko kiberiti cha rasharasha za wavuvi, hakina waya, na kwenye masoko ya mtandaoni huuzwa kwa chini ya dola 20 za Marekani, takriban Sh50,000. Huchomekwa chini ya usukani na kupeleka taarifa kwenye simu ya mkononi kwa njia ya Bluetooth au Wi-Fi.

Kilianzia kwenye moshi wa California

Kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili ya kumsaidia mwenye gari. Chanzo chake ni moshi. Jimbo la California nchini Marekani lilisumbuliwa kwa miongo mingi na ukungu mchafu uliotokana na magari, hasa Los Angeles, na mwaka 1967 likaunda bodi ya kusimamia hewa. Bodi hiyo ilitaka kila gari lijichunguze lenyewe na kumwarifu dereva pale linapoanza kutoa moshi kupita kiasi. Magari ya mwaka 1988 yakawa ya kwanza kulazimishwa kuwa na mfumo huo jimboni humo, lakini kila kampuni ilikuwa na soketi yake na lugha yake.

Mfumo wa pili, unaojulikana kama OBD-II, ulileta utaratibu mmoja. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi ya matundu 16, mahali dereva anapoweza kuifikia, na kutumia namba za makosa zinazofanana. Nchi za Ulaya zilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Japan, ambako magari mengi yanayoonekana katika barabara za Tanzania na Kenya yametoka, ilichelewa. Kanuni yake kamili ya aina hii ilianza kwa magari mapya mwaka 2008.

Kuchelewa huko kwa Japan kuna maana kubwa kwa msomaji, na kutarudiwa hapa chini, kwa sababu ndiko wanunuzi wengi wa kifaa hiki hukwama.

Kukiunganisha

Soketi hutafutwa chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya pedali. Ina umbo la pembe nne iliyobanwa upande mmoja, na matundu yake yamepangwa safu mbili za manane. Gari likiwa limezimwa, kifaa huchomekwa hadi kikae vizuri. Kisha swichi huzungushwa hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini.

Kwenye simu, Bluetooth huwashwa na kifaa hutafutwa. Mara nyingi hujitokeza kwa jina la OBDII. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Baada ya hapo hufunguliwa programu ya kusomea, kama vile Torque au Car Scanner, ambazo zina matoleo ya bure yanayotosha kwa kazi ya kawaida. Ndani ya programu huchaguliwa aina ya muunganisho na jina la kifaa, na baada ya sekunde chache kompyuta ya gari huanza kujibu.

Wenye iPhone wawe waangalifu kabla ya kulipa. Vifaa vingi vya bei nafuu vya Bluetooth vimetengenezwa kwa simu za Android na havitaonekana kwenye iPhone. Wanahitaji cha Wi-Fi, au cha Bluetooth ya kizazi kipya kinachotaja iPhone waziwazi. Cha Wi-Fi nacho kina kero yake: simu ikishaungana nacho, intaneti ya simu inaweza kukatika hadi kazi iishe, hivyo maana ya namba ya kosa hutafutwa baadaye.

Namba inasema nini

Namba ya kosa ina herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni injini na gia. B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba hiyo ina maana moja kwa magari yote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya kampuni husika na lazima itafutwe kwa jina la gari. Tarakimu inayofuata hutaja eneo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni mfumo wa kuwasha cheche, 4 ni udhibiti wa moshi, 7 na 8 ni giaboksi.

Hivyo P0301 ni kosa la injini linalofahamika kwa magari yote, liko upande wa cheche, na linasema silinda ya kwanza inakosa kuwaka. P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 inasema silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio, na hapo mashaka huhamia kwenye kitu kinachozihusu zote, kama petroli chafu au pampu dhaifu.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Wengi, mafundi wakiwemo, husoma namba kana kwamba ni orodha ya manunuzi. Namba haisemi "nunua koili". Inasema silinda ya kwanza haikuwaka ipasavyo. Sababu inaweza kuwa koili, plagi, noseli, waya uliokatika au hata kompresheni ndogo.

Kwa Probox ya yule mama, kazi iliyobaki haihitaji kununua chochote. Injini yake ya 1NZ-FE ina koili nne, kila moja ikiwa imekaa juu ya plagi yake na kushikwa na bolti ya spana namba 10. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, koili ya silinda ya kwanza, iliyo upande wa mikanda, hubadilishana nafasi na ya tatu. Namba ya zamani huandikwa pembeni na kufutwa, gari huendeshwa kidogo, kisha husomwa tena. Kama sasa inatokea P0303, kosa limeihama silinda na kuifuata koili. Koili ndiyo mbovu. Kama bado ni P0301, koili ni nzima, na zoezi hurudiwa kwa plagi. Likishindikana hapo pia, fundi sasa ana sababu ya kuangalia noseli na kupima kompresheni.

Dakika 30 za kazi hiyo zingemwepusha mama kununua sensa.

Jambo jingine ambalo kila dereva wa mizigo anapaswa kulijua hata bila kifaa ni tofauti kati ya taa inayowaka tu na taa inayomweka. Ikiwaka bila kumweka, na gari halichemshi wala taa nyekundu ya oili haijawaka, mara nyingi safari inaweza kumalizika kwa utulivu na gari likapimwa baadaye. Ikimweka, maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na inaweza kuyaunguza masega. Hapo ni kupunguza mwendo, kushusha mzigo kama inawezekana na kutafuta msaada mapema.

Masega yana kesi yake. P0420 ni namba inayosema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, na ni maarufu kwa magari yaliyotumika. Wakati mwingine masega yamechoka kweli. Wakati mwingine hayapo kabisa: yalitolewa na kuuzwa, kwa kuwa yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na mwenye gari akaambiwa kuwa sasa gari "litapumua". Kununua sensa ya oksijeni kwa sababu ya P0420 bila kuchungulia kwanza kama masega bado yapo ni kutupa fedha.

Hewa nyingi, mafuta kidogo

P0171 huwachanganya wengi. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sababu ni tatu kubwa: hewa inaingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka, sensa ya kupima hewa imechafuka, au pampu na chujio la petroli vimechoka. Pampu ni ghali, mpira ni rahisi, na kusafisha sensa ni kazi ya kopo moja la dawa yake maalumu. Kuanzia upande ghali ni ujinga, lakini ndivyo inavyofanyika sana.

Simu inaweza kusaidia kuzitenganisha. Programu huonyesha kwa asilimia jinsi kompyuta inavyoongeza au kupunguza petroli, kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Kwenye injini nzima, jumla ya hizo mbili hukaa karibu na sifuri. Ikizidi 10 kwa upande wa kuongeza, kuna jambo. Sasa injini iachwe isilale, kisha ikanyagwe hadi mizunguko 2,500 na kushikiliwa. Kama asilimia ni kubwa injini ikiwa taratibu na inashuka ikikanyagwa, hewa ya wizi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama inazidi kupanda kadri injini inavyokanyagwa, mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa inadanganya. Haya ni maelezo ya jumla na yana vighairi vyake, lakini yanamtoa mtu kwenye kubahatisha.

Yupo pia msomaji atakayeona namba P0128, injini haifikii joto lake. Mara nyingi chanzo ni fundi aliyeng'oa thamostati kwa imani kuwa nchi zetu ni za joto na haihitajiki. Kompyuta ya gari, ikidhani injini bado ni baridi, huendelea kumimina petroli ya ziada. Mwenye gari hulalamikia bei ya mafuta kituoni, kumbe sehemu ya ongezeko hilo anaibeba chini ya boneti.

Kupanda mlima na simu

Faida ambayo wafanyabiashara wengi hawaifikirii ni kuona joto la injini kwa tarakimu. Toyota Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya kuchemsha, na nyekundu huwaka wakati mwingine mambo yakiwa yameharibika. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda kutoka takriban mita 400 hadi mita 1,400 juu ya usawa wa bahari kwa kona mfululizo. Gari lililojaa sabuni, unga na mafuta ya kula kwa safari ya kurudi hulemewa hapo.

Kifaa kikiwa kimechomekwa na simu imewekwa mahali isipomzuia dereva kuona, au ameishika abiria, joto hufuatiliwa. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95 hivi. Ikipita 105 na kuendelea kupanda, ni kusimama kando, kuacha injini ipoe na kutofungua rejeta ikiwa ya moto. Tahadhari moja: sensa hupima maji inayogusana nayo. Maji yakimwagika yote kwa ghafla, inaweza kusoma joto la chini lisilo la kweli wakati injini inaungua.

Volti za betri nazo husomeka. Injini ikiwa inazunguka, 13.5 hadi 14.5 ni dalili kuwa alternata inachaji. Ikibaki 12 na kitu, mwenye gari asinunue betri mpya kabla ya kuangalia alternata na mkanda wake.

Kununua gari lililotumika

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyotumika, akaonyesha jinsi muuzaji anayejua ubovu wa gari na mnunuzi asiyeujua wanavyoweza kuliharibu soko zima: wenye magari mazuri hujiondoa kwa sababu hawapati bei ya haki, na mabovu hubaki. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Yeyote aliyezunguka yadi za magari Dar es Salaam akiwa na akiba ya miaka mitano mfukoni anaielewa nadharia hiyo bila kufundishwa.

Ujanja wa kawaida ni kufuta namba za makosa asubuhi ya siku mnunuzi anapokuja. Taa inazimika, gari linang'aa. Lakini makosa yanapofutwa, kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani ya masega, sensa na mifumo mingine, na majaribio hayo huhitaji gari litembee kwa muda kabla ya kukamilika. Programu za simu huyaonyesha kama yamekamilika au bado. Gari linalodaiwa kutumika kila siku, na karibu majaribio yote hayajakamilika, limefutwa makosa au limechomolewa betri hivi karibuni. Muuzaji anaweza kuwa na maelezo ya kweli. Basi mnunuzi aombe kulitembeza, kisha alisome tena.

Iangaliwe pia kama taa ya injini huwaka kabisa swichi inapozungushwa kabla ya injini kuwaka. Isipowaka hapo, huenda globu yake imetolewa.

Magari ambayo hakitafanya kazi

Kabla ya kununua kifaa, mtu ajue gari lake ni la namna gani. Hiace zenye injini za dizeli za 3L na 5L, na Canter zenye 4D33, zina pampu za kizamani zisizoendeshwa na kompyuta. Hakuna cha kusoma. Matrekta ya Massey Ferguson ya kizazi cha 240 na 290 ni hivyo hivyo, na mafundi wa vijijini huyapenda kwa sababu hiyo hasa.

Malori mengi ya Kijapani yana umeme wa volti 24. Kifaa cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa volti 12 kinaweza kuungua humo.

Kundi la tatu ndilo linaloleta malalamiko mengi: Toyota, Nissan na mengine ya Japan ya kabla ya 2008. Soketi ya matundu 16 ipo, kifaa kinawaka taa, lakini programu inasema imeshindwa kuwasiliana. Gari si bovu wala kifaa si lazima kiwe kibovu. Gari lilitengenezwa kwa soko la Japan na linazungumza lugha ya kampuni yake. Baadhi ya programu, Car Scanner ikiwemo, zina orodha ya magari ambamo mtu huchagua Toyota ya soko la Japan na mawasiliano yakakubali. Isipokubali, kinahitajika kifaa kikubwa cha gereji. Kwenye Toyota za zamani, mafundi huunganisha kwa waya matundu mawili ya kupimia, TE1 na E1 kwenye kiboksi kilichoko chini ya boneti, na kuhesabu taa inavyomweka: mara mbili, kituo, mara moja, ni kosa 21, sensa ya oksijeni. Njia hiyo ni halali na haina gharama, ila kukosea tundu kunaweza kuunguza fyuzi au kompyuta.

Ubora wa kifaa chenyewe nao una historia. Chipu iliyovianzisha, ELM327, ilitengenezwa na kampuni ya Elm Electronics ya Canada, na toleo la kwanza halikukingwa dhidi ya kunakiliwa. Karibu vyote vinavyouzwa kwa bei ya chini ni nakala. Vingi vilivyoandikwa toleo 1.5 vinajitaja kwa toleo ambalo Elm haikuwahi kulitoa, na baadhi ya vile vya 2.1 vimepunguzwa uwezo. Elm yenyewe ilifunga kazi mwaka 2022. Nakala nzuri zipo, lakini mnunuzi ajaribu kwenye gari lake mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, kama anavyopiga chafya redio kabla ya kuichukua.

Kisibaki kimechomekwa usiku. Tundu la 16 hupokea umeme wa betri wakati wote, na gari linalokaa siku kadhaa linaweza kukataa kuwaka. Zaidi ya hapo, kifaa chenye namba ya siri 1234 kinaweza kuunganishwa na simu ya yeyote aliye karibu.

Kwa matrekta mapya ya kompyuta hali ni nyingine, kwani mengi hutumia soketi na programu za watengenezaji wenyewe. Wakulima wa Marekani wamelalamika kwa miaka kuwa hawawezi kutengeneza matrekta yao bila wakala. Januari 2023 John Deere ilitia saini makubaliano na shirikisho la wakulima wa nchi hiyo kuhusu kupatikana kwa zana za kupimia, na Januari 2025 serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara iliishitaki kampuni hiyo kwa suala hilo hilo. Wanaoagiza trekta jipya hapa nchini wana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa malipo ya awali, nani atalisoma likigoma shambani mwezi wa kulima.

Fundi alipwe kwa lipi

Ni rahisi kumaliza habari hii kwa kuwalaumu mafundi. Si haki. Fundi wa mtaani halipwi kwa kutafuta ugonjwa. Hulipwa kwa kufunga spea. Akitumia saa tatu kufikiri na kugundua kuwa ni waya wa Sh500, mteja hunung'unika kulipa Sh20,000. Akibadilisha sensa kwa dakika 20, hulipwa bila swali. Mteja ndiye aliyepanga malipo hayo, naye huvuna alichokipanga.

Wenye gereji zenye mashine kubwa tayari hutoza ada ya kupima peke yake. Kwa mwenye gari moja linalotembea mara chache, kulipa ada hiyo mara moja kwa mwaka kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua kifaa na kujifunza kukitumia. Kwa mwenye gari la biashara linaloingia barabarani mara tatu kwa wiki, au kikundi cha wakulima wanaochangia gari, kifaa cha Sh50,000 hulipa gharama yake siku kinapozuia sensa moja isiyohitajika.

Vyovyote iwavyo, namna ya kuzungumza na fundi inabadilika. Mama wa Lushoto haendi tena gereji kusema gari linatetemeka. Kabla hajafuta chochote, anapiga picha ya simu yenye namba ya kosa pamoja na taarifa ambazo kompyuta ilizihifadhi kosa lilipotokea: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Anafika na kusema: "Fundi, inasoma P0301. Naomba tuhamishe koili ya kwanza iende ya tatu, tusome tena. Hiyo kazi ya kupima nakulipa elfu 20 hata tusipofunga kitu." Fundi anakubali bei kabla ya kushika spana, na hoho zinabaki kwenye matenga kivulini zikisubiri dakika 30.